Ni uso wa Kaisari kweli? Kuhusu sura zilizogongwa kwenye dinari za Kirumi

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Tulipofika kwenye dola ya Roma, wanafunzi wangu walikumbuka ile dinari ambayo Yesu aliuliza sura yake ni ya nani, wakataka kujua kama ilifanana na Kaisari kweli. Nilipotafuta picha za dinari nilizidi kuchanganyikiwa: Augustus ni kijana kwenye zote, Nero anabadilika kana kwamba si mtu mmoja, Vespasian ni mzee mwenye makunyanzi. Je, tuziamini sura hizi? Na mtu asiyejua kusoma, ambaye hakuwahi kufika Roma, aliambulia nini kwenye kichwa kidogo namna hiyo?

Jibu: Ndugu Mwalimu, sura ile ni ya Kaisari, lakini ni Kaisari jinsi alivyotaka aonekane, na walichokitaka watawala hao hakikuwa kimoja. Wako waliokubali kutambulika hata kwa kidevu kilichonenepa, na wako waliotaka mtazamaji amwone kwanza baba yao, au mungu wao, kabla ya kuwaona wao wenyewe. Ndiyo maana mimi nikiitazama dinari huanza kwa kuuliza mwenye sura alikuwa na haja gani ya kuonekana hivyo. Suala la kufanana huliacha lije baadaye, na mara nyingi hujijibu lenyewe.

Tuanze na jinsi sura ilivyofika hapo. Dinari ni sarafu ndogo, yenye upana wa milimita 18 au 19 hivi, na wakati wa Augustus uzito wake ulikuwa karibu gramu 3.9, kwa kuwa ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84. Kichwa chote cha mtawala, kuanzia utosini hadi shingoni, hakizidi sana ukucha wa kidole gumba. Fundi alikichonga kinyumenyume kwenye muhuri wa madini magumu. Muhuri huo ukakazwa kwenye fuawe, kipande cha fedha kikalazwa juu yake, muhuri wa pili ukashikwa kwa mkono juu ya kipande hicho, nyundo ikashuka. Kwa kuwa kazi yote ilikuwa ya mkono, dinari nyingi zina kichwa kilichosogea upande mmoja na herufi zilizokatika ukingoni. Fundi huyo kwa kawaida hakuketi mbele ya mtawala na kumchora, bali alifuata kielelezo rasmi, na vielelezo vya namna hiyo ndivyo vilivyofuatwa pia na wachongaji wa vichwa vya marumaru. Matokeo yake, kichwa cha Augustus kilichofukuliwa mbali kabisa na Roma na kile kilichomo kwenye dinari yake hufanana hadi mpangilio wa vishungi vya nywele kwenye paji la uso.

Sasa tuishike dinari ya wanafunzi wako. Ile ambayo wataalamu wengi huichukulia kuwa ndiyo ya kisa cha Injili ni ya Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Upande wa mbele kichwa kinatazama kulia, kimevikwa taji la majani la mshindi, na ncha za utepe wake zinaning'inia kisogoni. Kukizunguka kuna maneno TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus aliye mungu. Upande wa nyuma mwanamke ameketi kwenye kiti, fimbo ndefu katika mkono mmoja na tawi katika mwingine, na pembeni pameandikwa PONTIF MAXIM, kuhani mkuu. Wengi humwona mwanamke huyo kuwa Livia, mama yake Tiberius. Neno la kuliangalia sana ni ile F moja, ambayo ni ufupisho wa neno la Kilatini lenye maana ya mwana. Tiberius hakuzaliwa na Augustus. Alikuwa mtoto wa mkewe kwa mume wa kwanza, na Augustus alimchukua rasmi kuwa mwanawe mwaka 4 BK, baada ya warithi aliowapenda zaidi kufariki. Alipoanza kutawala alikuwa katika mwaka wake wa 55, na alipofariki alikuwa na miaka 77, lakini dinari ya aina hiyo iliendelea kugongwa karibu utawala wake wote bila kumfanya kikongwe. Pua na kidevu vyaweza kuwa vyake. Utulivu wa uso ule na umri usiosogea ni urithi aliotaka watu wauone, kwa sababu haki yake ya kutawala ilisimama juu ya herufi moja.

Kwa hiyo wanafunzi wako wakisoma kisa hicho tena, wakumbuke kwamba aliyeinyoosha sarafu hiyo mbele ya Yesu alikuwa ameshika mkononi kitu kinachotamka kuwa Kaisari ni mwana wa mungu na ni kuhani mkuu. Mtego wa swali aliloulizwa Yesu, kama ni halali kumlipa Kaisari kodi, ulikuwa mzito kuliko suala la kodi peke yake. Na jina dinari tunalolisoma katika Biblia ya Kiswahili ni la sarafu hiyohiyo: kwa Kilatini lilitokana na hesabu ya kumi, kwa kuwa mwanzoni dinari moja ilikuwa sawa na sarafu 10 za shaba, kisha likapita kwa Wagiriki na Waarabu.

Hata hivyo, kumweka mtu aliye hai kwenye sarafu kulikuwa jambo geni kwa Warumi wenyewe, na bila kulijua hilo hatuwezi kuzielewa sura zilizofuata. Dinari ilianzishwa karibu mwaka 211 KK, katikati ya vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Carthage, na kwa zaidi ya miaka 150 dinari iliyogongwa mjini Roma haikubeba uso wa mtu aliye hai. Ilibeba mungu wa kike Roma aliyevaa kofia ya vita, au miungu mingine, na baadaye mababu wa zile familia ambazo vijana wao walipewa dhamana ya kusimamia ugongaji wa sarafu. Wafalme wa Kigiriki wa mashariki walikuwa wameweka nyuso zao kwenye fedha tangu zama za warithi wa Alexander, na kwa sababu hiyohiyo Mrumi aliona uso wa aliye hai kuwa alama ya ufalme, kitu ambacho wazee wake walikuwa wamekifukuza. Mwanzoni mwa mwaka 44 KK Baraza la Seneti lilimruhusu Julius Caesar. Dinari zake zinamwonyesha shingo ndefu yenye mikunjo, mashavu yaliyobonyea na taji la majani lililoketi vizuri juu ya kipara. Suetonius, Mrumi aliyeandika maisha ya watawala hawa, anaeleza kwamba katika heshima zote alizopewa, haki ya kuvaa taji hilo wakati wote ndiyo aliyoifurahia sana, kwa sababu kipara kilimkera. Baadhi zinasema CAESAR DICT PERPETVO, dikteta wa daima. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo alichomwa visu. Wasomaji wa Kenya watauelewa ugomvi huu kwa haraka, kwani Katiba yao ya 2010 inakataza picha ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu, na sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zikaweka wanyama mahali pa marais.

Jambo linaloniuma kila nikiliwaza ni kwamba mlango uliofunguliwa haukufungika tena, hata mikononi mwa wale waliomuua Caesar kwa kosa la kujifanya mfalme. Brutus, alipokuwa akikusanya jeshi mwaka 43 na 42 KK, aligonga dinari yenye majambia mawili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachiwa huru, na chini maneno EID MAR, yaani siku ile ya katikati ya Machi. Upande wa pili wa sarafu hiyo aliweka kichwa chake mwenyewe.

Augustus alikuja na jibu jipya. Alianza kuonekana kwenye sarafu akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akafariki akiwa na miaka 75, na katika miaka yote hiyo uso wake wa fedha haukuzeeka. Suetonius anatuambia kwamba meno yake yalikuwa machache, madogo na mabovu, na kwamba hakuwa mrefu. Lakini hakuna muhuri uliohangaika na hayo. Uso aliouchagua ulikuwa wa ujana mtulivu usio na umri, uliokopwa kwenye sanamu za Kigiriki za karne ya tano KK, ili mtu aliyechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe aone kwamba zama hizi hazitikisiki. Mauti aliyaonyesha upande wa pili bila kukusudia. Dinari zake zilizogongwa kwa wingi sana ni zile za Lugdunum, ambao leo ni mji wa Lyon huko Ufaransa, zilizoanza mwaka 2 KK, na zinawaonyesha wajukuu zake Gaius na Lucius wamesimama na ngao na mikuki kama warithi. Lucius alifariki mwaka 2 BK, na Gaius mwaka 4 BK.

Nero ndiye anayenipa sababu ya kukuambia usizikatae sura hizi kuwa ni za kubembeleza tu. Alitawazwa mwaka 54 BK akiwa na miaka 16. Kwenye dinari za mwaka huo yeye na mama yake, Agrippina, wanatazamana uso kwa uso, wote wawili upande wa mbele, na maandishi yanayozunguka upande huo ni ya vyeo vya mama. Jina la kijana limesukumwa upande wa nyuma. Mwaka 55 nyuso zao zimepangwa zikitazama upande mmoja, safari hii Nero yuko mbele na jina lake limehamia mbele pamoja naye. Kisha mama anatoweka kwenye fedha kabisa, na mwaka 59 anauawa kwa amri ya mwanawe. Wanafunzi wakiwekewa picha za sarafu hizo mbili na moja ya zile zilizofuata, watamwona mama akiondolewa madarakani hatua kwa hatua bila kusoma kitabu chochote.

Uso wa Nero mwenyewe nao uliachwa uende na umri. Kutoka kijana mwembamba asiye na taji anafika mtu wa shingo nene iliyojaa mafuta, macho yaliyozama na nywele zilizopangwa ngazi kwa ngazi juu ya paji la uso, na maneno ya Suetonius juu ya shingo hiyo na nywele hizo yanaafikiana na sarafu. Kwa nini alikubali? Unene ule kwake haukuwa aibu. Watawala wa Kigiriki wa Misri waliuonyesha unene kuwa ni neema na shibe, na mtindo wa nywele ulikuwa wa waendesha magari ya mashindano na waigizaji, watu ambao Nero aliwapenda na alitamani kuwa mmoja wao. Mwaka 64, mwaka uleule Roma ilipoungua, ratili moja ikaanza kutoa dinari 96 badala ya 84, ambayo ni sawa na gramu 3.4 hivi kwa kila moja, na fedha yenyewe ikapunguzwa usafi. Kabla ya hapo kichwa chake kwenye dinari hakikuwa na taji; baada ya hapo kina taji la majani. Sidai kwamba taji liliwekwa ili kuficha upungufu, ila mabadiliko yote mawili yalifika mikononi mwa watu katika sarafu zilezile.

Mwaka 69, ulioshuhudia watawala wanne, unafaa kufundishwa peke yake. Galba ana pua iliyopinda kama mdomo wa mwewe, na Suetonius anaithibitisha. Otho, aliyemfuata na kutawala miezi mitatu tu, ana nywele zenye mistari ya mawimbi yaliyopangika mno, na yule yule Suetonius anasema alivaa nywele za bandia kwa sababu zake zilikuwa chache. Ni mara chache sana historia inatupa ushahidi wa wigi uliogongwa kwa nyundo. Upande wa nyuma wa dinari zake nyingi pameandikwa SECVRITAS P R, usalama wa watu wa Roma, wakati majeshi ya Vitellius yakishuka kutoka mto Rhine kuja kumng'oa. Kisha akaja Vespasian, mwenye miaka 60, wa familia isiyo na jina kubwa, na akaachia makunyanzi, kichwa kipana na mdomo uliokazwa vionekane vyote. Hakuwa na ukoo wa kujivunia, wala hakutaka kufanana na Nero kwa lolote. Uzee ule ulimfananisha na wazee wa zamani wa jamhuri, kabla Roma haijawa na watawala wa namna hii, watu wa kazi na wa matumizi ya kiasi. Kwa hiyo naamini makunyanzi yale ni yake kweli, na naamini pia kwamba angekuwa na haja nyingine yangefutwa.

Ukitaka kujua sarafu ni ya lini, soma vyeo, kwa sababu mamlaka ya kitribuni, cheo cha mtetezi wa raia ambacho watawala walijitwalia na kinachofupishwa TR P, yalihesabiwa upya kila mwaka. Chukua dinari ya Titus, mwana wa Vespasian, yenye tembo aliyevaa deraya, mkonga umeshuka mbele yake. Maandishi ni TR P IX IMP XV COS VIII P P. Mwaka wake wa tisa wa mamlaka ya kitribuni ulianza Julai 79 ukaisha Juni 80. Ukonsuli wake wa nane (COS VIII), yaani cheo cha juu cha serikali cha mwaka mmoja mmoja, ulianza Januari 80. Kwa hiyo sarafu hiyo iligongwa kati ya Januari na Juni mwaka 80. Ni mwaka uleule aliozindua uwanja mkubwa tunaouita Colosseum kwa maonyesho ambamo maelfu ya wanyama waliuawa, na wengi huhusisha tembo huyo na maonyesho hayo.

Mtawala ambaye wanafunzi wa Kiafrika hupenda kumsikia ni Septimius Severus, aliyezaliwa mwaka 145 mjini Leptis Magna, katika nchi ya Libya ya leo, na kutwaa madaraka kwa vita mwaka 193. Mwaka 195 alijitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, aliyekuwa amekufa miaka 15 kabla. Dinari zikaanza kumwonyesha na ndevu ndefu za mtindo wa huyo baba aliyejichagulia, na baadaye vishungi vinaning'inia kidevuni na kwenye paji la uso kama vya Serapis, mungu aliyeheshimiwa Misri. Hapo tunaona kitu ambacho Kiswahili kinakieleza vizuri kuliko lugha nyingi, kwa kuwa kwetu neno fedha ni madini na ni pesa pia: ili kuwalipa askari waliomweka madarakani, Severus aliipunguza fedha ndani ya fedha yake hadi karibu nusu, iliyobaki ikiwa shaba. Sura ilizidi kuwa ya heshima huku kinachoibeba kikipungua. Mwanawe Caracalla alimuua nduguye Geta mwaka 211 na kuamuru jina lake lifutwe. Kwenye sarafu za shaba za miji kadhaa ya Asia Ndogo uso wa Geta umekwanguliwa, mahali pake pamebaki kovu kando ya ndugu yake. Dinari zake, ambazo tayari zilikuwa zimetawanyika mifukoni mwa watu, hazikukusanyika, na hadi leo uso wake hupatikana kwa wingi.

Mwaka 215 Caracalla alitoa sarafu mpya ya fedha, kubwa kidogo, yenye uzito wa dinari moja na nusu hivi, na wengi wetu tunaamini ilihesabiwa kuwa dinari mbili. Alama ya kuitambua ni kichwani: badala ya majani mtawala amevaa taji la miale ya jua, ambalo kwenye sarafu za shaba lilikuwa limezoeleka kuashiria thamani maradufu. Miaka hamsini na ushei baadaye, mwishoni mwa utawala wa Gallienus, sarafu hiyo yenye taji la miale ilikuwa na fedha chini ya sehemu 5 katika 100, ni shaba iliyong'arishwa kwa utando mwembamba.

Sasa lile swali lako la mwisho, juu ya asiyejua kusoma. Askari wa kawaida chini ya Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka, na huenda alizaliwa Gaul, Ufaransa ya leo, akawekwa mpakani asikokujua mtu. Picha za upande wa nyuma alizielewa bila herufi: mamba wa mwaka 28 KK alimwambia kwamba Misri imetekwa, na mwanamke aliyeketi akilia chini ya silaha zilizotekwa, kwenye dinari za Vespasian, alimwambia Yudea imeshindwa. Uso ulimwambia nani anamlipa, na mtawala mpya alipoingia, sarafu ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kumletea habari.

Nje ya mipaka ya dola uso ulifanya kazi nyingine. Dinari za Augustus zenye Gaius na Lucius, na zile za Tiberius tulizoanza nazo, zimefukuliwa kwa wingi kusini mwa India, zilikofika kwa biashara ya pilipili. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK unataja dinari chache zikipelekwa Adulis, katika Eritrea ya leo, kwa ajili ya wageni waishio huko. Lakini unapofika Rhapta, kwenye pwani ambayo wataalamu wengi huiweka Tanzania ya leo, unaorodhesha mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, na dinari haimo. Huko India mafundi waligonga na za kwao za kuigiza dinari hizo. Kwenye sarafu hizo za kuigiza herufi za Kilatini zimegeuka vijistari visivyosomeka, jina la Tiberius limepotea na yule mungu baba yake hayupo tena, lakini kichwa kimewekwa palepale kinatazama kulia, taji na utepe wake vikiwa mahali pake, kwa kuwa mnunuzi wa huko alikitambua kichwa hicho kuwa ndicho cha fedha nzuri.